Mshahara wa mkonge: Korogwe hula nini shamba linapochelewa kulipa?

Mfanyabiashara wa mahindi anayetoka Handeni kwenda Korogwe ana mambo mawili ya kuuliza kabla hajapakia gari. La kwanza ni bei ya gunia. La pili ni kama mashamba ya mkonge yameshalipa mishahara. Bei anaweza kuipata kwa kupiga simu sokoni. Jibu la swali la pili ndilo litakaloamua kama mzigo wake utatoka kwa fedha taslimu siku ileile, au utakopeshwa kwa wenye maduka ambao nao watawakopesha wateja wao, hadi deni moja liwe na watu wanne ndani yake.

Barabara ya lami ya Korogwe–Handeni, yenye urefu wa kilomita 65, imefupisha safari hiyo. Swali lenyewe limebaki palepale. Kwa sababu hiyo wiki hii ukurasa huu unaacha kidogo bei za mazao na kueleza maisha ya kazi chini ya mwajiri mkubwa: mfanyakazi analipwa vipi, kwa nini kipato chake hupanda na kushuka, na mwenye duka au mwekezaji mdogo ajifunze nini kutokana na hayo.

MWAJIRI MMOJA, WATEJA WENGI

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani. Katika shehena yake ni miche 62 tu iliyofika hai. Reli kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, mashamba yalikwishaanza kuifuata, kwa kuwa zao hili ni zito na linahitaji usafiri na maji mengi. Ndiyo maana hadi leo majina ya mkonge wilayani Korogwe, yaani Ngombezi, Magunga, Mwelya, Hale, Magoma na Mazinde, hayako mbali na reli, barabara kuu au mito. Upande wa Handeni mkonge unaonekana zaidi maeneo ya Kabuku, kando ya barabara ya kwenda Chalinze.

Jambo moja la historia lina faida kwa msomaji wa ukurasa huu. Wenyeji wa hapa, Wazigua na Wabondei, wengi hawakupenda kuajiriwa kukata mkonge. Walikuwa na ardhi yao, na waliona ni afadhali kuyauzia mashamba chakula kuliko kuyauzia nguvu zao. Kwa hiyo wenye mashamba walitafuta watu mbali: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde kutoka Msumbiji na watu wa Burundi. Mwaka 1944 chama cha wakulima wakubwa wa mkonge kiliunda ofisi ya kuajiri vibarua iliyojulikana kama SILABU. Watu walioletwa kwa mikataba hiyo wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake.

Hivyo tangu mwanzo kulikuwa na makundi mawili yanayotegemea mfuko mmoja. Kundi la kwanza liliishi kambini na kulipwa mshahara. Kundi la pili lilikuja na mahindi, muhogo, kuku na mbuzi siku mshahara ulipotoka. Mfanyabiashara wa Handeni wa leo ni mrithi wa kundi la pili. Tofauti yake na manamba ni kwamba yeye anaweza kugeuza gari. Lakini akishakopesha bidhaa zake kwa wafanyakazi wa shamba moja, naye ameajiriwa na shamba hilo bila barua ya ajira.

KIPANDE NI NINI?

Neno hili lina maana mbili, na mfanyabiashara anapaswa kuzijua zote. Zamani kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kibarua akimaliza kazi aliyopangiwa kwa siku, nafasi moja ilijazwa. Siku ambayo hakumaliza haikuhesabiwa. Mshahara ulitoka kadi ilipojaa, ambayo haikuwa lazima iwe mwisho wa mwezi. Siku hizi kipande ni kile kiasi cha kazi chenyewe.

Kwa mkata mkonge, hesabu huanza na fungu la majani 30. Anaingia shambani alfajiri, anakata majani ya chini ya mmea, anaondoa mwiba wa nchani, anafunga mafungu na kuyapanga kando ya njia ili yapimwe na kubebwa. Mwenye nguvu na uzoefu huweza kumaliza kabla ya jua kuwa kali na kwenda kwenye shamba lake la mahindi. Hapo ndipo uzuri wa kipande ulipo: muda uliobaki ni wake. Mgonjwa, mzee, au aliyepangiwa shamba lenye magugu na majani mafupi hubaki hadi jioni kwa malipo yaleyale, au hurudi nyumbani na nusu kipande ambacho huenda kisihesabiwe.

Majani hupelekwa kwenye korona, mashine inayoponda na kutoa singa. Jani haliwezi kusubiri siku nyingi kabla ya kupita humo. Kwa hiyo korona ikiharibika, mvua ikizuia magari, au maji yakipungua, mkataji naye husimamishwa hata kama ana nguvu zake zote. Mfanyakazi wa kipande hubeba hatari ambazo hakuzisababisha na wala hana uwezo wa kuzirekebisha.

Tuweke hesabu. Agizo la mishahara la mwaka 2013 liliweka kima cha chini katika kilimo kuwa shilingi 100,000 kwa mwezi, na lile lililoanza kutumika Januari 2023 likakipandisha hadi shilingi 140,000. Viwango hivi hubadilishwa kwa agizo jipya, hivyo msomaji atumie agizo la mwisho. Kwa mfano wetu tuchukue hiyo 140,000 na kuigawa kwa siku 26 za kazi: ni kama shilingi 5,385 kwa siku. Kibarua anayelipwa kwa siku alizofanya kazi, akipata siku 18 badala ya 26, ataondoka na shilingi 96,923. Pungufu ni shilingi 43,077. Kama shamba lina wakataji 200 wa aina hiyo, zaidi ya shilingi milioni 8.6 hazitafika madukani mwezi huo. Hakuna aliyefukuzwa na hakuna aliyegoma. Ni mashine iliyosimama kwa siku nane.

MISHAHARA MITATU CHINI YA NEMBO MOJA

Mtu akisema anafanya kazi shamba fulani, mwenye duka mara nyingi huona nembo ya kampuni na kuamini. Ndani ya nembo hiyo kuna angalau mafungu matatu ya watu.

La kwanza ni wa mwezi: makarani, mafundi wa karakana, madereva, wahasibu na baadhi ya wasimamizi. Mshahara wao unajulikana, wana likizo na hulipwa saa za ziada. Korona ikilala siku nne, wao bado wamo kwenye orodha ya malipo.

La pili ni wa kipande: wakataji, wapaliliaji na baadhi ya waanikaji singa. Kipato chao hufuata kazi iliyomalizika na kuhesabiwa. Nyapara na karani wa kuhesabu ni watu muhimu kuliko meneja katika maisha yao, kwa sababu fungu lisiloandikwa halilipwi.

La tatu ni walioletwa na wakala au kuitwa kwa msimu. Wanavaa vumbi lilelile, lakini mlipaji wao ni mtu mwingine. Wakala akichelewa kulipwa na kampuni, au akihama, mwenye duka hana ofisi ya kwenda kuuliza.

Mikopo mingi mibaya ya madukani hutokana na kuyachanganya mafungu haya. Mtu wa kipande hukopeshwa kwa kiwango cha mtu wa mwezi kwa kuwa wote wamesema wanafanya kazi Magunga au Ngombezi.

KISICHOANDIKWA KWENYE KARATASI YA MSHAHARA

Mwajiri mkubwa hutoa vitu vingine zaidi ya fedha. Mashamba ya mkonge yalijenga kambi, zahanati, shule, mabomba ya maji na viwanja vya mpira. Kwa familia ya kipato kidogo, nyumba isiyolipiwa kodi na maji ya karibu ni sehemu kubwa ya mshahara, ingawa haviingii mfukoni. Ndiyo sababu watu hubaki kwenye kazi ambayo kwa hesabu ya fedha peke yake isingewafaa.

Upande wa pili ni kwamba vyote hivyo vimefungwa kwenye kamba moja. Anayepoteza kazi huweza kupoteza na nyumba, na watoto kuhama shule. Mtu aliyezaliwa kambini, ambaye babu yake aliletwa kwa namba kutoka Kigoma au Songea, hana kijiji cha karibu cha kurudia. Anapokubali kipande kikubwa zaidi bila kunung'unika, mwenye duka asidhani ameridhika. Amepiga hesabu ya nyumba.

Kunung'unika kwenyewe kuna historia hapa. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde waligoma kwa wiki nyingi, na chama cha wafanyakazi wa mashamba chini ya Victor Mkello kikawa na nguvu kubwa. Baada ya Uhuru mfumo wa kadi uliachwa na mishahara ikapanda. Waajiri nao walijibu kwa kupunguza watu. Mapema miaka ya 1960 mkonge uliajiri zaidi ya watu 100,000 nchini. Kabla ya muongo huo kwisha idadi ilikuwa imeanguka sana. Waliobaki walilipwa vizuri zaidi kuliko zamani. Kwa maduka, mshahara mkubwa wa wachache haukuziba pengo la wengi walioondoka.

MWAJIRI MKUBWA NAYE ANA TAJIRI WAKE

Msomaji anaweza kusema: kampuni ni kubwa, haiwezi kuanguka ghafla. Takwimu za mkonge zinamjibu. Mwaka 1964 Tanganyika, iliyokuwa inaongoza duniani, ilizalisha tani zipatazo 230,000 za singa. Kwa robota la kilo 250 hayo ni marobota 920,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa karibu na tani 20,000 tu, yaani marobota 80,000. Chini ya moja ya kumi ilibaki.

Sababu zilikuwa nyingi na zilikuja kwa kufuatana. Nyuzi za plastiki ziliingia kwenye soko la kamba za kufungia majani ya mifugo huko Ulaya na Marekani, bei ikashuka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba. Usimamizi ulidhoofika, mitambo ilichakaa bila vipuri, na mikonge mipya haikupandwa kwa kasi ya ile iliyokufa. Mmea huu hukatwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka kama mitatu, huvunwa kwa miaka kumi hivi, kisha hutoa mlingoti wa maua na kufa. Shamba lisilopanda leo litaendelea kulipa mishahara miaka kadhaa kabla upungufu haujaonekana. Huo ni mtego kwa mtu wa nje: malipo ya leo yanatokana na upandaji wa miaka mitano au minane iliyopita.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama mwajiri wa mkonge atakuwepo miaka mitano ijayo asitazame foleni ya mshahara. Atazame vitalu vya miche na eneo lililopandwa upya.

Uzalishaji wa taifa umepanda tena na kuvuka tani 30,000, na Tanzania ni ya pili duniani nyuma ya Brazili. Serikali ilitangaza lengo la kufikia tani 120,000 ifikapo mwaka 2025. Lengo hilo liliwavuta wengi kununua ardhi Handeni na Korogwe. Hao ndio tunaowageukia sasa.

MKULIMA AU MFANYAKAZI?

Mashamba ya serikali yalipobinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Katani Limited ilichukua yaliyokuwa Korogwe na kuanzisha mpango wa wakulima wadogo uliojulikana kwa kifupi cha SISO. Waliokuwa vibarua, pamoja na wawekezaji kutoka nje, walipewa maeneo ndani ya mashamba ya Hale, Mwelya, Magunga, Magoma na Ngombezi. Walipanda na kutunza mkonge wao, na kampuni ikausindika kwenye korona zake na kuuza singa.

Mpango ulikuwa na maana ya kibiashara. Mtu akikata mkonge wake mwenyewe hahitaji nyapara. Lakini katika stakabadhi ya mkulima bado kulikuwa na gharama za kusafirisha, kusindika, kufunga na mikopo, na makato hayo yalizua malalamiko ya muda mrefu yaliyofika serikalini. Kuelekea mwaka 2020 usimamizi ulibadilishwa, na Bodi ya Mkonge Tanzania pamoja na vyama vya ushirika vya wakulima wakapewa nafasi kubwa zaidi.

Hatuna nia ya kusikiliza kesi hiyo upya. Tunachotaka msomaji aone ni hesabu iliyo chini yake. Katika jani la mkonge, singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Tani moja ya singa huhitaji tani 25 za majani. Robota moja la kilo 250 ni zaidi ya tani 6 za majani. Anayesafirisha majani anasafirisha maji na taka. Kwa hiyo mkulima hawezi kubeba majani yake hadi kwa mnunuzi anayetoa bei nzuri wilaya ya pili. Atayapeleka kwenye korona iliyo jirani, kwa gharama iliyowekwa na mwenye korona. Ana hati ya shamba na anajiita mwekezaji, lakini siku korona ikisimama hali yake haina tofauti kubwa na ya mkataji wa kipande. Pengine ni mbaya zaidi, kwa kuwa palizi na mkopo ni vyake.

SHERIA INAMLINDA MFANYAKAZI, HAIMLINDI ANAYEMDAI

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mambo kadhaa wazi. Kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa wiki. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Hapo peke yake, mwenye 140,000 anabaki na 126,000 kabla ya ada ya chama na mkopo wowote.

Kuachishwa kazi ndiko kunakomgusa mkopeshaji. Mfanyakazi wa mwezi hupewa notisi ya siku 28. Anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki hupewa siku 4. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10, na aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu hakipati. Kwa kiwango cha mfano wetu, aliyefanya kazi miaka 6 atapata siku 42, yaani shilingi 226,154. Aliyefanya miaka 10 au 20 atapata siku 70, yaani shilingi 376,923. Mwenye duka aliyemwachia mteja wa kima cha chini deni la shilingi 400,000 ajue kwamba hata kiinua mgongo cha miaka ishirini hakitalilipa. Tena fedha hiyo ni ya kuhamisha familia.

USHAURI WA WIKI

Kwa mwenye duka: tenganisha daftari lako. Wa mwezi, wa kipande na wa wakala wawe na kurasa zao. Mkopo wa mtu wa kipande usizidi nusu ya mshahara wa mwezi mbaya aliokuwa nao mwaka huu, na usipime kwa mwezi mzuri. Ukisikia korona imesimama kwa siku tatu, funga ukurasa wa mikopo mipya siku hiyohiyo. Usingoje mwisho wa mwezi.

Kwa mchuuzi wa mahindi na mifugo wa Handeni: usiwe na mteja mmoja. Panga mizigo yako kati ya angalau mashamba mawili yenye wasimamizi tofauti, na sehemu ipeleke Mombo au Segera ambako wanunuzi ni wasafiri na madereva wanaolipa palepale.

Kwa anayefikiria kupanda mkonge: kabla ya kununua ardhi uliza korona iko umbali gani, nani anaimiliki, gharama ya kusindika imeandikwa wapi, na ikisimama mkataba unasema nini. Kisha jiulize utakula nini kwa miaka mitatu ya kwanza.

Kwa anayetaka kuajiriwa: hakuna aibu katika kipande, na kwa kijana mwenye nguvu kinaweza kuwa mwanzo mzuri. Jua tu umeingia katika fungu lipi, hakikisha mchango wako wa NSSF unafika, andika mafungu yako mwenyewe kila siku katika kijitabu, na usiliache shamba lako la mahindi hata kama ni la nusu eka. Wazee wa Handeni waliokataa namba walikuwa na shamba la kurudia, na hilo ndilo lililowapa uwezo wa kukataa.

Wiki ijayo: machungwa ya Handeni na Muheza, na bei za madalali wa barabarani.